Kabla Hujanunua Hisa za Haidrojeni: Ushauri kwa Wenye Akiba wa Mkwaja na Pwani ya Tanga

Mkwaja imeshawahi kuona mtaji mkubwa ukiingia na ukiondoka. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Amboni, iliyojulikana Tanga nzima kwa mashamba ya mkonge, iliendesha ranchi ya ng'ombe katika nyika hii. Maelfu ya ng'ombe walilishwa hapa, dawa zikanunuliwa, wataalamu wakaletwa. Lakini mbung'o hawakuisha, na vichaka viliendelea kumeza malisho. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa, na ardhi yake leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Walioianzisha hawakukosa fedha wala elimu. Mazingira yaliwatoza gharama ambayo mifugo haikuweza kuirudisha, na biashara ya namna hiyo haidumu hata mwenyewe awe tajiri kiasi gani.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu sasa mtaji wa aina nyingine unabisha hodi, safari hii kupitia simu ya mkononi. Mwalimu aliyestaafu, mvuvi aliyeuza boti, familia iliyolipwa fidia kwa kupitiwa na barabara ya Bagamoyo kwenda Pangani na Tanga, na vijana wetu walioko Muscat na Dubai, wote wanasikia habari za kampuni ndogo zinazotengeneza haidrojeni safi, au zinazonasa hewa ya ukaa na kuigeuza mafuta, mbolea au saruji. Wanaambiwa wanunue hisa mapema, kabla bei haijapanda.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyekuwa na muda wa kusoma mpaka mwisho aondoke nalo. Sayansi ya mambo haya ni ya kweli. Dunia inayahitaji, nasi watu wa pwani, ambao bahari inakula ufukwe wetu na mvua zimebadilika, tuna sababu ya kuyaombea yafanikiwe. Hata hivyo, kampuni nyingi changa katika kazi hii zitaishiwa fedha kabla ya kuona faida, na wenye hisa ndio watakaobeba hasara. Anayetaka kuingia aingie kwa kiasi kidogo, na kwanza apate majibu ya maswali matatu: umeme unatoka wapi na kwa bei gani, nani amesaini kununua bidhaa, na fedha zilizomo mkononi zitaifikisha kampuni wapi.

Kinachouzwa ni kitu gani

Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, na imo ndani ya maji. Ukipitisha umeme kwenye maji kwa mtambo maalumu, maji hupasuka yakatoa haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande mwingine. Umeme huo ukitoka kwenye jua, upepo, maporomoko ya maji au joto la ardhini, gesi inayopatikana huitwa haidrojeni ya kijani. Haidrojeni si kitu kigeni viwandani. Dunia hutumia karibu tani milioni 100 kila mwaka, hasa katika kusafisha mafuta ya petroli na kutengeneza mbolea. Tatizo ni kwamba karibu yote hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, kwa njia inayomwaga hewa ya ukaa kwa wingi. Ile safi haijafika hata asilimia 1.

Kubadili kaboni ni kuichukua hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, na kuifanya kitu cha kuuzwa. Hili nalo si jipya kwetu. Mbolea ya urea anayoinunua mkulima wa Handeni hutengenezwa kwa amonia na hewa ya ukaa, na kila tani ya urea humeza zaidi ya kilo 700 za hewa hiyo kiwandani. Huko Hale wilayani Korogwe, kampuni ya Katani ilianza mwaka 2007 kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kaboni inaweza kugeuzwa mali, usimkatalie.

Muulize mambo mawili. La kwanza, hewa hiyo inanaswa wapi? Kwenye bomba la moshi la kiwanda cha saruji, mfano wa kile cha Pongwe, hewa ya ukaa imejaa, kwa sababu chokaa yenyewe huitoa inapochomwa. Katika hewa ya kawaida tunayovuta, ni kama sehemu 4 tu katika kila 10,000. Kupata tani moja kutoka huko ni lazima uchuje zaidi ya mita za ujazo milioni moja za hewa, na kuchuja kunataka joto na umeme. Octavia Carbon ya Nairobi, iliyoanzishwa 2022, imejitosa katika kazi hiyo ngumu kwa kutegemea joto la ardhini la Bonde la Ufa na miamba ya huko inayoweza kuihifadhi hewa hiyo chini. La pili, kaboni itakaa ilikowekwa kwa muda gani? Ikifungwa ndani ya zege au mwamba, inakaa. Ikigeuzwa mafuta ya ndege, inarudi angani siku mafuta yanapochomwa. Urea nayo huirudisha hewani baada ya kumwagwa shambani. Kampuni inayojisifu kwamba inaondoa kaboni huku bidhaa yake inairudisha baada ya wiki chache inadaiwa maelezo zaidi kabla hujaipa fedha yako.

Swali la kwanza: umeme

Mtambo mzuri wa leo hula umeme wa uniti 50 mpaka 55 kutoa kilo moja ya haidrojeni. Piga hesabu mwenyewe. Uniti moja ikiwa shilingi 200, umeme peke yake ni shilingi 10,000 au zaidi kwa kilo, kabla hujalipia mtambo, maji, mishahara na matangi. Haidrojeni inayotolewa kwenye gesi asilia, mahali gesi ilipo rahisi, hugharimu dola 1 mpaka 2 kwa kilo. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 2,500 mpaka 5,000. Ili haidrojeni ya maji ifike karibu na bei hiyo, umeme unapaswa kupatikana kwa chini sana ya shilingi 100 kwa uniti, tena kwa saa nyingi za siku, kwa sababu mtambo wa gharama kubwa unaolala usiku kucha haulipi deni lake.

Tazama pia ukubwa wa umeme wenyewe. Kituo cha New Pangani Falls, kilichoanza kazi 1995, kina uwezo wa megawati 68. Kama kingezalisha umeme wake wote usiku na mchana, na usipatikane hata wa kuwasha taa moja mjini, kingetosha kutengeneza kama tani 31 za haidrojeni kwa siku. Mtu anayekuahidi kiwanda kikubwa cha haidrojeni bila kukuonyesha chanzo cha umeme anakuuzia jengo lisilo na msingi.

Afrika ina ushahidi wa miaka mingi katika jambo hili. Huko Kwekwe, Zimbabwe, kampuni ya mbolea ya Sable Chemicals ilipasua maji kwa umeme kupata haidrojeni ya kutengenezea amonia kwa takribani miaka 40. Kwa lugha ya leo tungesema ilikuwa mbele ya wakati wake. Mtambo huo ulizimwa mwaka 2015 kwa sababu umeme ulikuwa ghali na haukutosha nchini. Utaalamu ulikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, mbolea ilihitajika. Kilichokosekana ni umeme wa bei nafuu.

Kwa hiyo unapopewa kijitabu cha kampuni, usianze na picha za mitambo. Tafuta ukurasa unaosema bei ya umeme kwa uniti, nani ameuahidi, na kwa miaka mingapi. Kampuni iliyo karibu na Olkaria kwenye mvuke wa ardhini, au jangwani Oman penye jua kali, ina hoja ya kuanzia. Inayosema itanunua umeme wa gridi kwa bei ya kawaida haina hesabu.

Swali la pili: mnunuzi

Haidrojeni ni ngumu kusafirisha. Ni nyepesi mno, hutoroka kwenye vitundu vidogo, na kuigeuza kimiminika kunataka baridi ya zaidi ya nyuzi 250 chini ya sifuri. Ndiyo maana kampuni zenye busara huigeuza amonia, au huijengea mtambo mlangoni kwa mnunuzi. Mfano mzuri kwa ukanda wetu uko karibu na Naivasha, Kenya, ambako kampuni ya Talus Renewables iliweka mtambo mdogo wa jua unaotengeneza amonia, kama tani moja kwa siku, ndani ya shamba la Kenya Nut Company. Mbolea inatumika pale pale. Hakuna meli, hakuna bandari, hakuna safari ndefu ya lori. Mradi ni mdogo, lakini swali la nani atanunua limejibiwa kabla ya kuchimba msingi.

Tanga tuna somo letu wenyewe, na wazee wa mjini wanalikumbuka. Mwaka 1972 kiwanda cha mbolea kilianza kazi Tanga, kwa ubia wa serikali na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi. Mahitaji ya mbolea yalikuwepo nchi nzima. Ila malighafi zake kuu, ikiwemo amonia, zilitoka ng'ambo kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Gharama zilikielemea, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikasimama. Amonia hiyo ndiyo ambayo kampuni za leo zinasema zitaitengeneza kwa jua na maji. Wazo hilo likitimia kwa bei inayofaa, litakuwa limejibu tatizo lililokiua kiwanda chetu. Ndiyo sababu naliheshimu. Pia ndiyo sababu nasisitiza bei, kwa kuwa mkulima hununua mbolea kwa bei yake, na hataongeza shilingi kwa kuambiwa kwamba ni ya kijani.

Jifunze kutofautisha karatasi mbili. Hati ya makubaliano ni salamu: pande mbili zinasema zinapendezwa kufanya kazi pamoja, na yeyote anaweza kuondoka bila kulipa chochote. Mkataba wa mauzo hutaja kiasi, bei, muda na adhabu ya kuuvunja. Kampuni changa hupenda kutangaza hati za makubaliano kwa sherehe, na bei ya hisa hupanda siku hiyo. Oman ni nchi yenye mipango mikubwa: mwaka 2022 iliunda kampuni ya serikali, Hydrom, kusimamia haidrojeni ya kijani, na imejiwekea lengo la kufikia tani milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030. Hata huko, penye ardhi, jua, bandari ya Duqm na mkono wa serikali, miradi inasubiri wanunuzi wa Ulaya na Asia wasaini mikataba ya miaka mingi. Ikiwa serikali inasubiri, kampuni ya watu 20 itasubiri zaidi. Ndugu mnaoishi huko, mkiona tangazo la makubaliano, ulizeni kama mkataba umesainiwa.

Swali la tatu: fedha zitafika wapi

Hapa ndipo wawekezaji wengi wadogo huumia bila kuelewa wameumiaje. Kampuni changa ya teknolojia haina faida. Inaishi kwa fedha za wenye hisa, na kila mwaka inakula sehemu yake. Chukua fedha taslimu iliyonazo, gawa kwa matumizi yake ya mwaka mmoja. Ukipata jibu lililo chini ya miaka miwili, jua kwamba itarudi sokoni kuuza hisa mpya, tena huenda ikauza kwa bei ya chini. Ukiwa na hisa 1,000 katika hisa milioni moja, na kampuni ikaongeza milioni nyingine, fungu lako limebaki nusu ya lilivyokuwa hata kama hukuuza kitu. Ni mchuzi ulioongezwa maji: bakuli lako bado limejaa, ladha imepungua.

Sayansi kufanikiwa hakumwokoi mwenye hisa. LanzaTech ilianzishwa New Zealand mwaka 2005. Wanasayansi wake walipata bakteria anayekula gesi za moshi wa viwanda na kutoa ethanoli, na tangu 2018 kiwanda cha kibiashara kimefanya kazi hiyo pembeni ya kiwanda cha chuma nchini China. Ni kazi ya kustaajabisha. Kampuni iliingia soko la Nasdaq la Marekani Februari 2023. Kufikia nusu ya kwanza ya 2025, hisa yake ilikuwa imeshuka chini ya dola 1. Plug Power, kampuni ya Marekani ya mitambo ya haidrojeni, iliuzwa kwa zaidi ya dola 60 kwa hisa Januari 2021. Mwaka 2025 nayo ilishuka chini ya dola 1. Aliyeweka shilingi milioni 6 kwenye kilele kile alibakiwa na chini ya shilingi laki moja. Bei hizo zilipanda kwa matumaini, zikashuka pale hesabu za mwaka zilipotoka.

Usidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2014 Swala Oil and Gas iliuza hisa kwa Watanzania kwa shilingi 500 kila moja, ikaorodheshwa kwenye dirisha la kampuni changa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ilikuwa na leseni mbili za kutafuta mafuta na gesi, na mojawapo iliitwa Pangani. Ilifuata taratibu za kuuza hisa kwa umma. Leseni hizo hazikuzaa mafuta wala gesi ya kuuzwa, na baadaye biashara ya hisa zake ikasimamishwa sokoni. Kibali cha mamlaka kinathibitisha kwamba umeelezwa habari za kampuni kwa utaratibu. Hakithibitishi kwamba utapata faida. Na hisa isiyo na mnunuzi haiuziki siku mtoto anapotakiwa kulipiwa ada.

Wajue matapeli na alama zao

Neno jipya ni malisho ya matapeli. Nikola ya Marekani iliahidi malori ya haidrojeni na kuingia soko la hisa Juni 2020. Ikaja kubainika kwamba video yake ya lori lililoonekana likikimbia lenyewe ilipigwa lori likiteremka mlimani bila nguvu ya injini. Mwanzilishi wake alitiwa hatiani na baraza la mahakama mwaka 2022 kwa kuwadanganya wawekezaji, ingawa baadaye alipewa msamaha wa rais, na Februari 2025 kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika. Kama wataalamu wa New York walidanganywa kwa video, mtu wa Mkwaja asione haya kudai ushahidi zaidi ya video.

Kwetu hapa, wengi wanakumbuka DECI ya mwaka 2009, mchezo wa kupanda na kuvuna fedha ulioacha maelfu wakilia. Majina hubadilika: jana upatu, leo sarafu za mtandaoni, kesho haidrojeni. Alama ni zile zile. Ukiahidiwa faida maalumu kila wiki au kila mwezi, kimbia, kwa sababu kampuni changa ya haidrojeni kwa kawaida haina hata gawio la mwaka. Ukiambiwa utalipwa kwa kuleta watu wengine, kimbia. Ukiambiwa utume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, kimbia. Ukiharakishwa kwamba nafasi inafungwa leo saa sita usiku, mwache aifunge.

Kuhakiki hakuhitaji shahada. Kampuni ikidai imesajiliwa Tanzania, jina lake linapatikana BRELA. Anayeuza hisa kwa umma lazima awe na idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na madalali wenye leseni wanajulikana kwa majina. Ikiwa kampuni ni ya nje, iwe imeorodheshwa kwenye soko linalotambulika, na taarifa zake za fedha zilizokaguliwa ziwe wazi kwa kila mtu. Kabla ya kutuma fedha ng'ambo, nenda benki uulize kanuni za fedha za kigeni, maana njia ya kuwekeza ndani ya Afrika Mashariki na SADC ni nyepesi kuliko ya kupeleka mbali zaidi. Asiyejua Kiingereza cha nyaraka hizo amtafute kijana aliyesoma uhasibu amsomee ukurasa wa mapato, wa matumizi na wa madeni. Kumlipa kidogo kwa kazi hiyo ni nafuu kuliko kupoteza yote.

Panga akiba kwa zamu

Akiba ina mpangilio. Zamu ya kwanza ni fedha ya dharura: chakula, matibabu na ada za miezi sita, iwe mahali unapoweza kuitoa siku hiyo hiyo. Usiiguse kwa ajili ya hisa yoyote.

Zamu ya pili ni vitu vinavyolipa kwa ratiba. Hatifungani za serikali zinapatikana kupitia Benki Kuu kuanzia shilingi milioni 1, na mifuko ya UTT AMIS inapokea viwango vidogo zaidi. Kwa anayetaka fedha yake ifanye kazi ya mazingira, Tanga yenyewe imeonyesha njia. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua miundombinu ya maji. Aliyeweka milioni 1 tangu mwanzo anatarajia shilingi 135,000 kila mwaka, na mtaji wake baada ya muda kuisha. Hatifungani hiyo iliorodheshwa Dar es Salaam, hivyo dalali anaweza kukutafutia anayeuza, kwa bei ya siku. Inalipwa kwa mapato ya watu wanaonunua maji, na maji watu watanunua mwaka huu na mwakani. Linganisha na kampuni ambayo bidhaa yake bado haina mnunuzi.

Zamu ya tatu ni hisa za kampuni kubwa zenye historia ya gawio. Zamu ya nne, ya mwisho, ndiyo ya kampuni ndogo za haidrojeni na kaboni. Kwa kila shilingi 100 za akiba yako, usizidishe 5 hapa, na hizo 5 uzigawe kwa kampuni kadhaa badala ya moja. Nunua kidogo kidogo kwa mwaka mzima ili usinase kwenye kilele cha bei. Usikope hata shilingi. Usiuze minazi, boti wala kiwanja. Ukishanunua, soma taarifa ya kila mwaka na uulize tena maswali matatu. Kampuni iliyosema 2024 kwamba mnunuzi atasaini mwakani, na mwakani ikasema hivyo hivyo, umeshapata jibu lako.

Vikundi vya vikoba navyo nawasihi: fedha ya kikundi ni ya kukopeshana na kusaidiana. Isipelekwe huko kwa uamuzi wa mwenyekiti na katibu. Mwanachama anayependa anunue kwa jina lake na kwa fedha yake.

Wakija kutaka ardhi

Kuna namna nyingine ya kuwekeza ambayo kijiji kinaweza kujikuta ndani yake bila kuiita hivyo, nayo ni kutoa ardhi. Mitambo ya jua na haidrojeni inataka eneo kubwa, na pwani yetu bado ina maeneo yanayoonekana wazi kwa mgeni. Tukumbuke ya Kisarawe. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilichukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 kwa hati ya miaka 99, ili kulima mibono ya kutengeneza dizeli ya mimea. Mwaka 2011 kampuni ilifilisika. Wafanyakazi wakapoteza ajira, na vijiji vikabaki na ahadi za zahanati na visima huku ardhi ikiwa mikononi mwa wengine. Nishati hiyo nayo ilisifiwa kuwa safi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji sauti kupitia mkutano mkuu wa kijiji. Itumieni. Daini mkataba mfupi kwanza, wenye kipengele kwamba mradi usipoanza ndani ya miaka kadhaa ardhi inarudi kijijini, na kwamba malipo ya pango yatangulie mavuno. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa na kupewa mwekezaji, hairudi kijijini yenyewe kampuni inapokufa. Na mtu akija kuzungumzia biashara ya kaboni ya mikoko au misitu, hilo ni jambo tofauti na hisa za teknolojia. Lina kanuni zake za mwaka 2022 na kituo chake cha taifa katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wenzetu wa Gazi, pwani ya kusini mwa Kenya, wanauza kaboni ya mikoko yao tangu 2013 kupitia Mikoko Pamoja, na fedha imeingia kwenye maji na shule za kijiji. Mtaji wao ni mikoko waliyo nayo, ulinzi wao na mkataba wanaoufahamu. Mkwaja inaweza kwenda kujifunza huko kabla ya kusaini chochote.

Teknolojia hizi zinahitaji watu wenye subira, na natamani siku moja mbolea ya mkulima wa Tanga itokane na jua la hapa. Siku hiyo haitaharakishwa na familia zitakazopoteza akiba zao. Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kutuma fedha, mwandikie anayekuuzia hisa umuulize kwa maandishi: umeme ni shilingi ngapi kwa uniti, nani amesaini kununua, na fedha iliyopo ni ya miezi mingapi. Akikujibu kwa namba na nyaraka, kaa nazo, wape wenzako wazisome, kisha uamue kuhusu zile shilingi 5 zako. Akikujibu kwa ahadi, peleka fedha yako kwenye zamu ya pili.